Kikaratasi cha 216,000

Ukutani dukani kwangu, juu ya mashine ya fotokopi, nimebandika kikaratasi. Kimeandikwa 216,000 kwa kalamu ya bluu, kikazungushiwa duara mara mbili. Aliyekiandika ni kijana wa benki, hapahapa Mtwara mjini, siku aliyoniuzia kadi ya mkopo. Benki siitaji, wenyewe wanajijua.

Alinifuata dukani, msimu wa korosho, hela inazunguka. "Mama, kwa mwezi unatumia kama shilingi ngapi hivi?" Nikamwambia duka na nyumba, laki tisa haipungui. Akatoa simu akapiga: laki tisa mara miezi 12, milioni 10 na laki 8. Tunakurudishia asilimia 2 ya unachonunua. Duara. Duara tena. Kichwani mimi nishaezeka jiko bati jipya.

Hesabu yenyewe haina kosa, nimeirudia mara kumi. Kosa ni hiyo laki tisa. Inapita wapi? Samaki nanunua Feri, nani kule ana mashine ya kadi? Mama wa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha? Umeme nanunua kwa simu. Karatasi naagiza Kariakoo, na yule bwana nilipomtajia kadi akasema ataongeza asilimia 3. Nirudishiwe 2, nitoe 3! Ukitoa taslimu kwenye ATM kwa kadi hiyo hurudishiwi hata senti, tena unakatwa ada na riba inaanza siku hiyohiyo. Ikabaki petroli ya pikipiki na duka moja kubwa, ambalo kila nikifika, "mtandao unasumbua, mama".

Mwaka ulipokwisha nimerudishiwa 17,460. Ada ya kadi 60,000. Yaani nimewapa 42,540 kwa shida ya kubeba kadi yao, na hapo sijaweka riba ya mwezi niliochelewa kulipa.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma ni siku niliyokwenda na kikaratasi changu. Foleni toka asubuhi, nafika mezani, ni yuleyule. Shikamoo hakuna. Akakitazama, akacheka, akamwonyesha mwenzake wa meza ya pili, naye akacheka. "Mama, haya yalikuwa makadirio tu. Vigezo na masharti kuzingatiwa." Mtoto ambaye siku ile aliniamkia mara mbili, akanywa na soda yangu! Nikamuuliza hivyo vigezo viko wapi, akafunua makaratasi ya Kiingereza, saini yangu chini. Nilitoka pale nikasahau na mwavuli.

Kwa hiyo msichukue. Msithubutu.

Haya, nisiwe mwongo. Kuna kipindi nilikwenda Dar kumuuguza dada yangu, kama wiki mbili. Kule kadi nilipitisha kila mahali, famasi, supamaketi, na mashine haikugoma hata mara moja. Zaidi ya nusu ya ile 17,460 ilitoka huko. Meseji ilipoingia nilifurahi kama nimeokota. Mtu wa Dar anayelipa kwa mashine kila siku na kumaliza deni lote kila mwezi, labda inamlipa. Labda.

Lakini wewe wa Chuno, wewe wa Mikindani, akija na kalamu yake ya bluu usimtajie unachotumia. Kusanya risiti zilizotoka kwenye mashine ya kadi peke yake, miezi mitatu, zidisha mara 4, tafuta asilimia 2 yake, halafu toa ada ya mwaka. Mimi ningefanya hivyo mapema, yule kijana angekunywa maji.

Niliapa kuirudisha wiki ileile. Bado iko kwenye pochi, maana mwezi ujao naenda Dar tena. Kikaratasi nacho hakibanduki. Wateja wakiuliza 216,000 ni bei ya nini, nawaambia ya soda.