Restic kwa ofisi ndogo za Tanga: inakagua kweli, ila uiamuru ikague

Duka la vipuri Ngamiani, zahanati Chumbageni, hoteli Raskazone: bekapu yao mara nyingi ni eksteno (diski ya nje) moja iliyofungiwa droo. Hewa ya chumvi inakula viunganishi, umeme unakatika katikati ya kunakili, mtu anachomoa waya bila kutoa diski kwa utaratibu. Faili linaharibika kimyakimya, na jina lake na ukubwa wake vinabaki vilevile. Kwa hiyo kulitazama tu kwenye folda hakukwambii kitu.

Restic ni programu ya bure, inaendeshwa kwa amri, kwenye Windows, Linux na Mac. Inakata faili vipande, inavifunga kwa usimbaji ili asiye na nywila asivisome, na kuvipanga kwenye mafurushi. Kila furushi linapewa jina linalotokana na hesabu ya SHA-256, yaani alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwa kilichomo ndani. Biti moja ikigeuka, hesabu hailingani na jina. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Tatizo ni kwamba wengi huandika `restic check`, wanaona “no errors were found”, wanafunga laptopu. Amri hiyo peke yake inakagua mpangilio: orodha za bekapu, faharasa, na kama mafurushi yapo. Data yenyewe haisomwi yote. Kusoma kila kitu kunataka `restic check --read-data`, na hiyo inachukua muda. GB 500 kwenye tundu la USB 2 linalosoma MB 35 kwa sekunde ni kama saa nne. Kwenye USB 3 inayofika MB 100, saa moja na nusu hivi. Asiye na saa hizo agawe: Jumatatu `restic check --read-data-subset=1/7`, Jumanne `2/7`, hadi wiki iishe na bekapu yote imesomwa. Ukiandika asilimia, mfano `10%`, mafurushi yanachaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo mengine yanaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Mgawanyo wa siku ni bora zaidi. Bekapu ikiwa mtandaoni, kumbuka kusoma ni kupakua, na bando litaisha kabla ya ukaguzi.

Umeme ukikatika wakati wa ukaguzi, kufuli (alama ambayo Restic huweka ili kazi mbili zisigongane) linaweza kubaki na kuzuia kazi inayofuata. Hakikisha hakuna Restic nyingine inayofanya kazi, kisha `restic unlock`.

Ikilalamika kwamba furushi halilingani na jina lake, usifute chochote. Badili waya, badili tundu, rudia. Furushi lilelile likigoma tena, shuku diski: fungua taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, utazame sekta zinazosubiri kubadilishwa, namba 197. Kila mara yakigoma mafurushi tofauti, shuku waya au RAM, na RAM ipimwe kwa Memtest86+. Nakili hazina yote (folda ambamo Restic huweka bekapu) kwenye diski isiyo na hitilafu kwanza, ndipo `restic repair packs` ikifuatiwa na ID ya furushi bovu. Kisha chukua bekapu upya kutoka kwenye faili asili; vipande vilivyopotea vikiwepo bado huko, vinarudi. Vilivyokosekana kabisa, `restic repair snapshots --forget` inavitoa kwenye orodha, na faili husika linabaki na pengo.

Kasoro kubwa ya Restic ni hiyo: inagundua, haina akiba ya kujirekebisha. Diski ya pili si anasa. Tena haijui kama faili lilikuwa bovu kabla ya kuingia. Excel iliyokufa inahifadhiwa kwa uaminifu uleule. Kila mwezi rudisha folda moja kwa `restic restore latest --target D:\jaribio --include` ukitaja njia ya folda, na `--verify` mwishoni, halafu mhasibu afungue faili mwenyewe.

Hakuna vitufe vya kubofya, na hilo litawakimbiza wengi. Fundi akishaipanga kwenye ratiba ya Windows, inajiendesha. Nywila iandikwe karatasini, ikae mbali na kompyuta: ikipotea, hata waliotengeneza Restic hawawezi kuifungua bekapu.