Tairi za Changarawe kwa Njia za Naivasha: Anza na Ubavu

Tairi ya nyuma ya baiskeli yangu ya changarawe, ile ya kwendea njia za vumbi na mawe, ilikuwa na wiki tatu tu ilipopasuka kwenye bonde la Mto Malewa. Ingekuwa pancha ya kawaida ningeiziba kwa dakika kumi nikaendelea na safari. Hii ilisababishwa na jiwe jeusi, jembamba, kali kama wembe. Lilipita kando ya meno ya tairi likachana ubavu, urefu wa kidole gumba, na tyubu ikachomoza nje. Nilikunja kipande cha pakiti ya unga nikakitia kwa ndani, nikajaza upepo kidogo. Mita mia mbili mbele ikapasuka tena. Kilomita tisa zilizobaki nilikokota baiskeli.

Njiani nilikutana na mzee anayepeleka maziwa kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo. Alishuka, akainama, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko. "Mama, hii imekatwa ubavuni. Hii haizibiki." Kisha akabinya tairi yake mwenyewe kwa vidole viwili ili nione ilivyo nene pembeni. "Sisi huku hatununui tairi kabla ya kuibinya hapa."

Dukani nilikonunua, hakuna aliyeniambia nibinye popote. Niliambiwa meno ni mazuri, tairi ni nyepesi, na haipati pancha. Nililipa shilingi 5,500 kwa moja.

Kwa hiyo sitaandika mengi kuhusu meno, wala uzito. Mambo hayo utayasikia kwa kila muuzaji. Nitaandika kuhusu ubavu, kwa sababu njia zetu nzuri kuliko zote, zile zisizo na magari, ndizo zinazoua tairi kwa pembeni.

Wasiozijua njia hizo niwaeleze kidogo. Kuna za vumbi zinazofuata Malewa, mto unaoshuka kutoka Nyandarua na kuliletea Ziwa Naivasha sehemu kubwa ya maji yake. Kuna upande wa Morendat, kwenye mashamba ya mizabibu yanayotoa mvinyo wa Leleshwa, jina la kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu kinachoota kote huku. Kuna miinuko ya Eburru. Kuna Hell's Gate, mbuga ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi unaweza kwenda saa mbili bila kusikia honi, na ukirudi nyumbani Nakuru mwili umechoka lakini kichwa kimetulia. Ninazipenda njia hizi kuliko ninavyoweza kueleza.

Lakini ardhi yake imetokana na volkano. Chini ya lile vumbi jepesi kuna obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Obsidiani ya Eburru ndiyo watu wa kale walioichonga wakapata visu na ncha za mikuki, na ukienda Kariandusi, karibu na Gilgil, utaona shoka za mkono zilizotengenezwa kwa jiwe hilohilo. Lilichaguliwa kwa sababu linakata. Sasa tairi ikiwa na upepo mdogo inatanuka pembeni kila inapopanda jiwe, na pale pembeni mpira ni mwembamba kuliko popote.

Hapa ndipo maneno "haipati pancha" yanapowapotosha wanunuzi. Tairi nyingi zinazosifiwa hivyo zina mkanda mgumu uliowekwa chini ya meno peke yake. Mkanda huo unazuia mwiba wa mgunga, na unauzuia vizuri. Ubavuni haupo. Tairi zisizo na tyubu nazo, zile zinazotiwa maji ya kuziba, haziokoki hapa: maji yale huziba tundu dogo, lakini mpasuko wa ubavuni unafunguka na kufunga kila gurudumu linapozunguka, na hata kizibo cha mpira hakikai. Unachotafuta ni kinga inayoanzia ukingo mmoja wa tairi, pale inaposhika rimu, hadi ukingo wa pili.

Ya kwanza kwangu, na sitajifanya sina upande, ni Maxxis Rambler yenye maandishi SilkShield ubavuni. Rambler inauzwa kwa aina kadhaa na zote zinafanana ukizitazama kwa mbali. Yenye EXO ina kitambaa cha kinga pembeni na ni nyepesi zaidi. SilkShield imefunikwa kote, ukingo hadi ukingo, na nyuzi zake ni nene. Utauhisi uzito kwenye mlima wa Eburru, sikatai. Ninayo ya upana wa milimita 40, ninaijaza PSI 40 nikiwa na kilo zangu 66, na imenipeleka Hell's Gate mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Ubavu una mikwaruzo kama goti la mtoto, lakini haujafunguka. Ukipata Rambler ambayo haijaandikwa chochote kati ya hayo mawili, muulize muuzaji, na kama hajui, irudishe rafuni.

Ya pili ni Panaracer GravelKing, lakini ile yenye alama ya kujumlisha mwisho wa jina. Alama hiyo ndogo ndiyo inayoonyesha kinga ya ukingo hadi ukingo. Isiyo na alama ni tairi tamu sana kwenye vumbi laini, kwa mfano kando ya mizabibu, ila nisingeipeleka kwenye mawe.

Kwa wenye baiskeli za mtumba za inchi 26, na najua ndio wengi wetu, chukua Schwalbe Marathon. Kinga yake ya GreenGuard iko chini ya meno, kwa hiyo haitimizi sharti langu kikamilifu. Ninaiweka ya tatu kwa sababu mpira wake wa pembeni umetengenezwa usipasuke kwa uzee, na tairi nyingi ninazoziona kwa mafundi zimekufa kwa jua kabla ya jiwe.

Kuhusu namba, tafadhali someni hapa polepole, maana ndugu wawili wameniandikia malalamiko yaleyale, kwamba tairi waliyonunua haikai kwenye rimu. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zilizounganishwa kwa kistari: upana wa tairi, kisha kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Baiskeli ya changarawe kwa kawaida hutumia 40-622 au zinazokaribia, na ile ya pili, 622, ndiyo lazima ilingane na rimu yako. Tairi ya Black Mamba ni 40-635. Zote mbili huitwa "ishirini na nane" madukani, zote ni 40, na ya 635 haitakaa kwenye rimu yako hata fundi afanye nini. Inchi 26 ya baiskeli ya milimani ni 559. Soma namba ya pili kabla ya kutoa pesa.

Na pesa yenyewe ndiyo inayoniudhi. Kwa nini bei ya tairi iwe siri? Ukiuliza mtandaoni unajibiwa "njoo inboksi." Ukienda inboksi unaulizwa uko wapi, unaendesha baiskeli gani. Mimi na jirani yangu tuliuliza tairi ileile, duka lilelile, siku ileile: mimi nilitajiwa shilingi 1,800 zaidi yake. Picha inayowekwa ni ya meno tu, hakuna anayepiga picha ubavu, ambako jina kamili na namba vimeandikwa. Nilipoirudisha tairi yangu iliyochanika, kijana wa kaunta aliniambia, "Madam, hiyo ni barabara, si tairi." Barabara ninaijua. Nilimweleza nilikokuwa naenda kabla sijalipa.

Nakuru mjini bado tunategemea zaidi mzigo kutoka Nairobi, na tairi iliyokaa dirishani juani mwaka mzima inauzwa kwa bei ya mpya. Ikunje kidogo ubavuni: ukiona nyufa ndogo kama za udongo mkavu, iache.

Za bei nafuu ni mbili: Kenda, na CST, ambayo inatengenezwa na kampuni ileile ya Maxxis. Binya ubavu, chagua iliyo nzito, na ubaki upande wa vumbi laini.

Kwenye mfuko wa tandiko ninabeba kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, urefu wa kiganja, kilichopunguzwa kingo kwa kisu. Omba kwa fundi yeyote, atakupa bure. Kikiwekwa kati ya mpasuko na tyubu kinakufikisha nyumbani, jambo ambalo pakiti ya unga haiwezi.