Welchman Hall Gully, Barbados: pango lililovuliwa paa

Ukifika Barbados, kisiwa cha Karibi, jitoe ufukweni asubuhi moja uende Welchman Hall Gully, parokia (kama kusema wilaya) ya Saint Thomas. Mimi ni mtu wa Tanga, mapango ya Amboni nimeyaingia tangu niko shule ya msingi, lakini korongo hili limeniingia moyoni kwa namna yake. Nalo lilikuwa pango. Paa la mawe ya chokaa likaporomoka, jua likapata njia, msitu ukaota humo ndani. Kuta zimesimama huku na huku, na yale mawe ya kuning'inia bado yapo, ila sasa yameota kangaga. Pahala pamoja jiwe la juu limeshuka hadi likaungana na la chini, imekuwa nguzo nisiyoweza kuikumbatia.

Njia yenyewe ni kilomita 1 na ushei. Nilikwenda polepole mno, wenzangu wakaniacha. Chini ya mkungumanga niliokota tunda lililopasuka lenyewe: ndani kokwa nyeusi inang'aa, imefumbatwa na basbasi nyekundu, mbichi, yenye unyevu kama imepakwa mafuta. Nikaikwaruza kwa ukucha. Ikanuka haluwa ya Idi! Nilisimama pale nimeshika tunda puani, machozi karibu yanitoke.

Kisha tumbili. Jamaa za hawa wetu kabisa, wamekaribia rangi ya majani makavu. Walivushwa bahari kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 17, zama za meli za watumwa. Jike mmoja, mtoto kamng'ang'ania tumboni, alituvukia kichwani kwenye mizizi ya mti wenye "ndevu", huo ambao wengi husema ndio uliokipa kisiwa jina lake, maana Barbados ni "wenye ndevu" kwa Kireno. Akatua, akatutazama, akaendelea na safari. Hakuna aliyesema neno.

Lililoniudhi ni moja: dereva wa matembezi tuliyemkodi alitupa dakika 40 tu, akaanza kupiga honi. Patana naye mapema akupe saa mbili, au tafuta usafiri wako mwenyewe. Watoto wataweza, wazee wenye magoti mabovu waende na mtu wa kuwashika mkono. Mvua ilikuwa imepita alfajiri na njia ikateleza, kwa hiyo vaa raba, ndala uziache hotelini.