Tathmini ya Brian 2, programu ya kuigiza seli za neva, kwa mwalimu wa Tabora

Brian 2 ni programu ya bure ya kuigiza seli za neva kwenye kompyuta, na chimbuko lake ni kazi ya Dan Goodman na Romain Brette, waliotangaza toleo la kwanza mwaka 2008. Nimeitumia na wanafunzi wa kidato cha sita hapa Tabora mjini, kwenye kompyuta ya mtumba, na ninaipendekeza kwa kila mwalimu wa baiolojia au fizikia asiyeridhika na mchoro wa kitabuni unaoonyesha mipigo ya neva (ishara fupi za umeme) ikifuatana kwa usawa, kana kwamba hakuna kinachoivuruga.

Mlinganyo wa seli huandikwa jinsi ulivyo, pamoja na vizio vyake, na ukijaribu kujumlisha milivolti na milisekunde programu hukataa papo hapo. Seli inayokusanya chaji huku ikivuja huhitaji mistari michache tu. Ukiipa mkondo usiobadilika, hupiga kwa vipindi vilivyo sawa kabisa. Ukiongeza alama moja, xi, inayowakilisha kelele za umeme, yaani mabadiliko madogo ya nasibu, vipindi hutawanyika: mkondo ukiwa mkubwa, kelele huvisogeza kidogo tu, lakini ukishushwa chini ya kizingiti, yaani kiwango cha chini kinachoifanya seli ipige, hakuna mpigo unaotoka bila kusukumwa na kelele, na mchepuko sanifu wa vipindi ukigawanywa kwa wastani wake huelekea 1.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ya kuzoea. Mwanafiziolojia Mwingereza Edgar Adrian alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba neva za hisi hupunguza mipigo ingawa kichocheo hakijabadilika. Katika programu hii unaongeza mkondo wa pili, unaoizuia seli kupiga na unaopanda kila mpigo unapotoka, kisha ukafifia taratibu. Pasipo kelele, mipigo ya mwanzo hukaribiana, halafu huachana mpaka ikatulia. Kelele ikiwapo, kipindi kifupi huuacha mkondo huo ukiwa bado juu, hivyo kinachofuata huelekea kuwa kirefu. Mipigo hujisawazisha yenyewe, na idadi yake katika muda mrefu haiyumbi sana. Hata hivyo, kuzoea huisogeza seli karibu na kizingiti, mahali ambapo kelele ina nguvu zaidi, kwa hiyo kipindi kimoja kimoja huweza kutawanyika zaidi kuliko awali. Mambo haya mawili hayapingani, na mwanafunzi huyaelewa vizuri mno anapofuta mstari mmoja na kuendesha upya.

Haina vitufe vya kubofya. Lazima ujue kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Kompyuta isiyo na kitafsiri cha C++ (programu inayogeuza msimbo wa lugha hiyo kuwa lugha ya mashine) huiendesha polepole, ingawa kwa seli moja hutaona tofauti kubwa. Ikishasakinishwa haihitaji intaneti, jambo la thamani kubwa kwa shule zetu. Kabla ya somo, tumia amri ya seed ili kelele ijirudie vilevile kila mara. La sivyo kila kundi litapata mipigo yake, na hamtaweza kulinganisha majibu.