Uzoefu wangu: tuisheni ya maikro kwenye vimbweta, na ule mstari wa tatu

Nimelipa shilingi 40,000 kwa vipindi vinane vya tuisheni ya maikro (somo la uchumi linaloangalia maamuzi ya mtu mmoja mmoja na ya muuzaji) ya mwaka wa pili chuoni, na kwa kuwa kila wiki kuna mtu ananiuliza kama inalipa, nimeona niandike mara moja. Vipindi vinne vya kwanza vinalipa kuliko hiyo pesa. Vinne vya mwisho, mh.

Kilichonipeleka huko ni testi ya kwanza: 7 kwa 20. Maikro ya mwaka wa kwanza niliipita nikiwa natembea. Mahitaji yanashuka, ugavi unapanda, vinakutana hapo katikati, weka nukta, nenda kale. Ya mwaka wa pili ni mnyama mwingine. Kule haitoshi kusema bei ikipanda watu wananunua kidogo. Unatakiwa uoneshe ni kidogo kiasi gani, na kwa nini, kuanzia kwenye mambo anayoyapenda mtu na pesa aliyonayo mfukoni. Kalkulasi inaingia. Lagrange anaingia na mbinu yake ya hesabu, mtu aliyefariki mwaka 1813 na mpaka leo anatunyima usingizi Kimara.

Nilijiandaa kama wengi wetu tunavyojiandaa, yaani kwa madesa, zile notisi za kopi. Stesheneri ya nje ya geti, kurasa sitini na kitu, shilingi 4,000 pamoja na spairo. Nikayakariri mpaka nikajua ukurasa gani una doa la chai. Swali la Slutsky, mchumi aliyechambua kwa nini mtu hubadili manunuzi bei ikibadilika, lilipotokea nilichora bila kusita: mistari miwili ya bajeti (pesa yako inaweza kununua nini), mikunjo miwili ya ridhaa (michanganyiko inayokuridhisha sawasawa), mishale yake, kila kitu kwa rula. Nikapata 2 kwa 10. Pembeni mwalimu aliweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, basi.

Sasa tuisheni yenyewe. Anayefundisha ni braza mmoja aliyemaliza chuo miaka kadhaa iliyopita, anakaa kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za kusomea nje, karibu na hosteli Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Vifaa vyake ni ubao mweupe wa ukubwa wa sinia na kalamu mbili, moja imekauka. Siku ya kwanza hakufundisha chochote. Alituambia kila mtu achore kile alichochora kwenye testi. Alipofika kwangu akatazama kidogo, akauliza:

"Dogo, mstari wa tatu uko wapi?"

Nikamwambia kwenye desa iko miwili.

"Hebu lete hilo desa."

Akaushika ule ukurasa karibu na macho, akanionesha kwa kucha. Kulikuwa na vidoti vitatu hafifu kati ya mistari miwili, ambavyo mimi siku zote nilidhani ni uchafu wa mashine. Kumbe mstari wa tatu ulichorwa kwa vidoti kwenye notisi za mwanzo kabisa, halafu kila kopi ya kopi ikawa inakula vidoti viwili vitatu, mwaka hadi mwaka, mpaka ukaisha. Tulikuwa saba pale, watano tulikuwa tumekosa mstari uleule. Tulicheka, lakini mimi kicheko changu kilikuwa cha uchungu.

Na huo mstari ndio somo zima. Alivyoueleza sitausahau. Tuseme una shilingi 8,000 kwa siku, unakula wali maharage na chapati tu, na siku zote unagawa pesa nusu kwa nusu. Wali 1,000, chapati 500. Unanunua sahani 4 za wali na chapati 8 (usiulize ni tumbo la nani). Mama ntilie akapandisha wali hadi 2,000. Sasa unapata sahani 2, chapati zilezile 8. Umepunguza sahani mbili. Kwa nini?

Jamaa mmoja akasema kwa sababu wali umekuwa ghali. Braza akamwambia hayo ni majibu ya mwaka wa kwanza. Wali umepanda, kwa hiyo mambo mawili yametokea kwa mpigo: wali ni ghali ukilinganisha na chapati, na wewe mwenyewe umekuwa maskini zaidi ya jana. Ni lipi limekunyang'anya sahani ipi? Ili kuyatenganisha, jifanye mjomba amekutumia pesa ya kutosha kununua kile kile ulichokuwa unakula zamani kwa bei mpya. Sahani 4 kwa 2,000 ni 8,000, chapati 8 ni 4,000, jumla 12,000. Kwa hiyo mjomba katuma 4,000. Hutarudi kwenye sahani 4, kwa sababu bei bado imebadilika. Utagawa 12,000 nusu kwa nusu: sahani 3, chapati 12. Basi sahani moja imeondoka kwa sababu umehamia kwenye chapati. Mjomba akichukua pesa yake, unashuka kutoka 3 hadi 2, na hiyo sahani nyingine imeondoka kwa umaskini.

Mstari wa vidoti ni pesa ya mjomba. Haipo kweli, ndiyo maana unachorwa kwa vidoti. Nilikaa nikiangalia ule ubao mdogo kama mtu aliyeoneshwa mlango kwenye ukuta wa chumba chake mwenyewe.

Siku ile alitupa pia kisa cha Slutsky: makala yake ilitoka mwaka 1915 kwenye jarida la Italia, katikati ya vita, na karibu miaka 20 ilipita bila wachumi wengi kujua ipo. Na akatufikisha kwa Giffen, mchumi ambaye jina lake limepewa wazo kwamba mtu maskini sana anaweza kununua unga mwingi zaidi unapopanda bei, kwa kuwa hela ya dagaa imekwisha na tumbo lazima lijae. Nilidhani ni hadithi za vitabuni, kumbe watafiti Jensen na Miller walichapisha mwaka 2008 ushahidi wa jambo hilo kwa mchele, kwa kaya maskini za Hunan, China.

Haya, malalamiko. Kuanzia kipindi cha tano sifa zilishasambaa, tukawa watu zaidi ya ishirini kwenye kimbweta cha watu wanane. Waliokaa nyuma walikuwa wanaona mgongo wangu, siyo ubao. Saa kumi na moja ikawa saa kumi na mbili, giza likaingia na mbu wake. Kipindi kimoja kilinyeshewa na hakikufidiwa. Nilipouliza, nikaambiwa mvua haina risiti. Hata mimi sikuwa na risiti, nililipa kwa simu.

Cournot na Bertrand, wenye nadharia za wauzaji wachache wanaoshindana, walibanwa kwenye jioni moja. Mfano ulikuwa mtamu: Cournot mwaka 1838 alianza na wenye chemchemi mbili za maji, braza akawageuza vijana wawili wanaouza maji kwenye foleni ya Ubungo, kila mmoja akikisia mwenzake amebeba chupa ngapi. Lakini tulipofika kwenye kukokotoa akaanza kuangalia saa. Akerlof na makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari mabovu aliahidiwa, hakufika. Nilimsoma mwenyewe maktaba.

Testi ya pili nilipata 15, na kwenye UE, mtihani wa mwisho wa chuo, nikatoka na B+. Ukienda, nenda wiki za mwanzo, kaa mbele, na uwe umeshachora kitu cha kukosolewa. Ukitafuta mtu wa kukupa majibu ya kukariri, baki na stesheneri.

Stesheneri nilirudi mwezi uliopita. Dada wa pale bado ana kopi mama ya desa lile kwenye faili la kijani. Nikamwomba nilione, nikamweleza kuna mstari umepotea, nikatoa kalamu nyeusi na rula. Akaniangalia kwa mashaka, akasema, "Ukiniharibia, utalipa 4,000." Nikauchora, mnene, bila vidoti.