Morrowind: upanga umempitia, adui hana hata mkwaruzo

Anayeanza Morrowind, mchezo wa kompyuta, hulalamika kitu kimoja kabla ya vyote: amemsogelea panya mpaka puani, upanga anauona kwa macho yake ukipita katikati ya mwili, na panya hana habari. Wengi huufuta mchezo hapo hapo. Haujaharibika. Ni kwamba kila pigo ni dadu iliyorushwa, na kampuni ya Bethesda, walioutoa mwaka 2002, hawakuona haja ya kuionyesha dadu yenyewe.

Hesabu ni hii: chukua stadi ya silaha uliyoshika, ongeza moja ya tano ya wepesi wako na moja ya kumi ya bahati, kisha zidisha kwa pumzi. Mstari wa kijani unaoonyesha pumzi ukijaa unazidisha kwa 1.25, ukiwa mtupu, kwa 0.75. Mwenye stadi 30, wepesi 40 na bahati 40 ana 42. Akiwa na pumzi kamili anapata kama asilimia 52, lakini akifika akihema kutoka mbioni anabaki na 31, na hapo bado hujatoa uwezo wa adui kukwepa. Aliyeshika silaha ambayo stadi yake ni 5 tu anaambulia 21, hata awe amepumzika vipi. Ndiyo maana jambia la bure unalookota mwanzoni kabisa linawaponza waliochagua shoka au mkuki. Weka silaha moja katika stadi zako tano kuu, nunua ya aina hiyo hiyo pale Seyda Neen, kijiji unachoanzia, na ukimwona adui acha kukimbia, tembea. Nusu ya kero inaisha.

Tabia hiyo ya kutokueleza ndiyo kasoro ya mchezo huu, na kwa upande wa safari ndiyo utamu wake. Hakuna mshale wa kukuongoza. Mtu anakwambia ufuate barabara, uvuke daraja, ugeukie mahali fulani, na wewe unasoma na kutazama milima. Usafiri nao una mtandao wake: wadudu wakubwa wenye miguu mirefu, mashua, waganga wa chama cha wachawi wanaokurusha mji hadi mji, pamoja na uganga wa kuweka alama mahali na kuirudia. Baada ya saa kumi unakijua kisiwa cha Vvardenfell kama mtu anayejua njia za mitaani kwao. Minara ya ukoo wa Telvanni haina ngazi za kupandia juu; asiyeweza kuelea hewani abaki chini. Huo ni ubunifu wenye jeuri, na mimi naupenda.

Lakini maelekezo mengine ni ya ovyo. Magofu ya Arkngthand, ambako hadithi kuu inakutuma mapema, mlango wake haufunguki mpaka uzungushe mpini ulio mbali kidogo na mlango wenyewe, na kisanduku unachotumwa kukitafuta ni kidogo, kimekaa kwenye rafu kama takataka nyingine. Daftari la kazi halikusaidii: toleo la awali liliandika mambo yote kwa mpangilio wa siku, na orodha ya kazi moja moja ilikuja na nyongeza ya Tribunal.

Tribunal hiyo hiyo imeleta balaa lake. Ikiwa imewashwa tangu mwanzo, wauaji wa kukodiwa wanakuvamia usingizini ukiwa bado ngazi ya kwanza. Ukiwashinda ni vibaya zaidi, kwa sababu mavazi yao yanauzwa bei kubwa na umaskini wa mwanzoni, ambao ni sehemu ya raha, unakwisha usiku mmoja. Zima faili lake kwenye orodha ya kuanzishia, au weka modi, yaani marekebisho ya wachezaji, inayowachelewesha.

Kupanda ngazi nako kumepinda. Unahitaji nyongeza 10 katika stadi kuu na ndogo, ila sifa zinaongezeka kulingana na stadi ulizotumia, hadi alama 5 kwa sifa moja. Uhai unaopata kila ngazi ni moja ya kumi ya ustahimilivu wako wa wakati huo, na mchezo haurudi nyuma kukufidia. Kwa hiyo pandisha ustahimilivu kwanza: deraya nzito, deraya ya wastani, mkuki. Ukichelewa, umekosa.

Kuhusu dawa, kunywa dawa ya akili, na akili ikipanda tengeneza nyingine kali zaidi, inywe nayo, rudia. Hakuna kikomo, na mchezo mzima unavunjika vipande. Afadhali viatu vinavyokupa kasi ya 200 huku vikikupofusha: anayetokana na Wabretoni, jamii mojawapo unayoweza kuchagua, ana kinga ya asilimia 50 dhidi ya uganga, akijiongezea nyingine 50 kwa sekunde moja tu wakati wa kuvivaa, anabaki na kasi na macho yake.

Injini ya asili inakwama mara kwa mara kwenye mashine za leo. Tumia OpenMW, injini mbadala, ambayo ni ya bure lakini inadai mafaili ya mchezo halisi, kwa hiyo nunua toleo lenye nyongeza zote mbili, Tribunal na Bloodmoon. Na hifadhi mchezo katika nafasi zaidi ya moja: hata wahusika muhimu wanauawa humu, unaonywa kwa ujumbe mmoja tu kwamba umekata uzi wa unabii, kisha unaachwa uendelee.