Uzoefu wangu: kusoma hadithi za kloni kwenye programu ya komiki ya kulipia

Nilijisajili kwenye programu ya kusoma komiki nikiwa na shabaha moja: kuwafuatilia mashujaa kloni, yaani nakala za watu zilizotengenezwa maabara kwa vinasaba vyao, nijue ukoo wao unaanzia wapi na nani aliwakubali. Kwa kazi hiyo programu inafaa sana, mradi usifuate mpangilio inaokupa.

Tatizo liko hapo kwenye mpangilio. Mkasa wa kloni wa Spider-Man, ule wa 1994 hadi 1996, ulikuwa unarukaruka kati ya mifululizo kadhaa. Sehemu moja huku, inayofuata kule. Programu yenyewe inakufungulia toleo linalofuata la mfululizo uleule, na ghafla uko katikati ya ugomvi usiojua ulianzaje. Tafuta kwa jina la mhusika, kisha panga kwa tarehe ya kutoka. Ukifanya hivyo mambo yanaeleweka.

Anzia matoleo ya 1975, mkasa huo ulikochipuka. Profesa Miles Warren, aliyemfundisha Peter Parker (ndiye Spider-Man) chuoni, alimpenda kwa siri Gwen Stacy, mpenzi wa Peter. Gwen alikufa kwenye toleo la 1973, naye Warren akatengeneza kloni wa Gwen na wa Peter. Yule wa Peter alidhaniwa amekufa, lakini mwaka 1994 akarudi akijiita Ben Reilly: Ben ni jina la ami aliyemlea Peter, na Reilly ni ukoo wa May, mke wa ami huyo, kabla hajaolewa. Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Kumbukumbu zote za utoto alizonazo ni za mwenzake, lakini mapenzi kwa wazee wale ni yake kweli, na hakuna aliyempa majina hayo. Kajipa mwenyewe.

Lakini hadithi iliyonishika kuliko zote ni ya Laura Kinney, katika mfululizo wa 2005 unaoeleza asili yake. Sampuli ya vinasaba vya Wolverine, shujaa wa kundi la X-Men mwenye makucha ya chuma, ilikuwa imeharibika, kromosomu Y, ile ya kiume, haikuweza kuokolewa, ndipo mwanasayansi wa mradi huo, Dkt. Sarah Kinney, akaamua kurudufu X na kutengeneza msichana. Jaribio la 23 ndilo lililofaulu, kwa hiyo mtoto akaitwa X-23, kama bidhaa ya ghalani. Sarah akalazimishwa kuubeba ujauzito huo mwenyewe. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na hapa waandishi wanaonyesha maabara nayo haizai haramu, kwa kuwa tumbo lililombeba ni la mama. Mwisho sitausimulia, jina la Laura analipata kwa mama yake, na saa anayolipata inauma.

Kwenye simu, programu hukuza fremu moja moja. Mapigano yanasomeka vizuri, ila ukurasa wenye nyuso mbili zinazofanana, Peter huku na Ben kule, unakatwa vipande na maana yake inapotea. Zima kipengele hicho, au soma kwenye tableti.

Kuna hadithi moja iliyonikasirisha. Madelyne Pryor aliolewa na Scott Summers, shujaa mwingine wa X-Men, mwaka 1983, wakapata mtoto, Nathan. Jean Grey, mpenzi wa zamani wa Scott aliyedhaniwa amekufa, aliporudi mwaka 1986, Scott akamwacha mke na mtoto mchanga. Baadaye tukaelezwa kwamba Madelyne alikuwa kloni wa Jean, aliyetengenezwa na mwanasayansi mwovu Mister Sinister. Kwangu huo ni udhuru uliotafutwa kumsafisha Scott. Alinyonyesha, alilea, aliachwa. Kuzaliwa kwake maabara hakupunguzi chochote katika hayo.

Sasa niko kwenye mfululizo ulioanza 2015, ambamo Laura mwenyewe ndiye Wolverine na anakutana na wasichana waliotengenezwa kutokana na vinasaba vyake. Laura anamchukua mdogo kati yao, Gabby, na kuishi naye kama mdogo wake wa kuzaliwa. Usajili nimeuongeza ili niwasome hao wawili hadi toleo la mwisho.